Chausiku na Neno: Binti Asiyepewa Unabii wa Vita katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya binti katika tamthiliya ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, hususani mhusika Chausiku, kwa kuilinganisha na visa vya kihistoria vya wanawake vijana waliodai kutumwa na Mungu au roho na wakaongoza askari vitani. Kisa cha karibu zaidi katika Afrika Mashariki ni cha Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, nchini Uganda mwaka 1986 na 1987. Kisa mashuhuri zaidi duniani ni cha Jeanne d'Arc wa Ufaransa katika karne ya 15. Hoja ya msingi ni kwamba falsafa ya neno inayobebwa na tamthiliya hiyo inamruhusu mtu yeyote kuwa chombo cha unabii, na sarufi ya Kiswahili haiweki kizuizi chochote. Hata hivyo, tamthiliya inamgawia mwanamume sauti na shaka, na inamwachia binti mwili na dhuluma. Mjadala unahitimishwa kwa kuisoma tamthiliya hiyo katika mazingira ya Kilosa, eneo ambalo vita vya Maji Maji viligusa sehemu zake na ambalo jamii zake nyingi huhesabu nasaba kwa upande wa mama.

Maneno muhimu: Kinjeketile, Chausiku, kiti, neno, unabii, jikedume

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kinjeketile umejikita zaidi katika mambo matatu: uhusiano wa tamthiliya na historia ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, utanzia wa mhusika mkuu, na suala la umoja wa makabila dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mambo hayo yanastahili uzito yaliopewa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu halisi. Aliwagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwa yangezifanya risasi zisidhuru. Naye alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein alimchukua mtu huyo akamfanya mhusika wa kitanzia anayetamka neno, kisha akaliona neno hilo likimzidi nguvu.

Hata hivyo, msisitizo huo umeacha swali moja bila kuulizwa vya kutosha. Kama neno ni kubwa kuliko mtamkaji wake, kwa nini mtamkaji huyo lazima awe mwanamume mtu mzima? Swali hili halitokani na kutaka kila kazi ya fasihi iwe na shujaa wa kike. Linatokana na tamthiliya yenyewe. Katika maonyesho yake ya mwanzo yumo binti ambaye amedhulumiwa kuliko mhusika mwingine yeyote, na ambaye kudhulumiwa kwake ndiko kunakoonyesha kwamba watu wa nchi ile hawawezi tena kuvumilia. Jina lake ni Chausiku. Makala haya yanamfuata yeye.

2.0 Neno na Kiti: Lugha ya Kupandwa na Roho

Kabla ya kumjadili Chausiku, ni muhimu kutazama lugha inayotumika kumweleza mtu anayesemewa na roho. Katika Kiswahili cha pwani na visiwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo hupanda, kiti hukaliwa. Sitiari hii haina jinsia. Kiti chaweza kuwa mzee au kijana, mwanamke au mwanamume, na katika desturi za uganga za mwambao wanawake ndio viti kwa wingi. Kinachotakiwa ni kukubali kukaliwa. Cheo, umri na jinsi ya mtu hufuata baadaye.

Sarufi nayo inaunga mkono jambo hili. Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, a-, hakibainishi jinsi. Katika sentensi kama "Roho ilimshukia, akaamuru askari wavuke mto," msomaji hawezi kujua kwa sarufi peke yake ikiwa aliyeamuru ni mwanamume au mwanamke. Zaidi ya hapo, hawezi kujua kwa uhakika aliyeamuru ni nani kati ya roho na kiti chake. Kiswahili humpa Roho Mtakatifu upatanisho wa a-, kama kinavyompa mtu, na pepo naye aghalabu hupata upatanisho huohuo. Kwa hiyo kitenzi "amesema", kinapotumiwa kwa mtu aliyepandwa, kinaweza kumrejelea aliyepanda au aliyepandwa. Utata huu umejengeka ndani ya mfumo wa lugha, hauwezi kuhesabiwa kuwa dosari ya mtunzi.

Hussein anautumia utata huo kwa ustadi mkubwa. Kinjeketile anavutwa majini na roho ya Hongo, watu wanadhani amekufa, kisha anatoka na ujumbe wa umoja na wa maji. Ndani ya ujumbe huo yamo maneno yanayowafanya watu wa nchi ile kuwa wana wa Seyyid Said wa Unguja. Akili yake inaporejea, Kinjeketile anatishwa na maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe: yangemwondoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Hapo ndipo shaka inapozaliwa. Je, aliyesema alikuwa yeye, au alikuwa mwingine aliyemtumia? Tamthiliya nzima imesimama juu ya swali hilo, na ni swali la kiti.

Neno hongo lenyewe linaongeza uzito. Katika historia ya Maji Maji, hongo halikuwa jina la roho peke yake. Wajumbe waliosambaza maji kutoka nchi moja hadi nyingine nao waliitwa hivyo. Mjumbe na aliyemtuma walishiriki jina moja. Kwa Kiacholi, lakwena maana yake ni mjumbe. Lugha mbili za familia mbalimbali, katika vita viwili vilivyotengana kwa takribani miaka 80, zinaweka nguvu ya unabii mahali pamoja: kwenye kutumwa. Anayetumwa hahitaji ukubwa wake mwenyewe.

3.0 Chausiku: Sababu ya Vita Isiyosema

Tamthiliya inafunguliwa na wanawake. Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda wanazungumza juu ya njaa na kazi ya kulazimishwa katika shamba la Bwana Kinoo. Hadhira inaingia katika dhuluma ya kikoloni kwa kupitia jiko tupu, na ni wanawake wanaoifahamisha. Huu ni uamuzi wa kisanaa wenye maana: kabla wanaume hawajaanza kujadili silaha, wanawake wamekwisha kueleza kwa nini maisha yamekuwa hayavumiliki.

Kisha Chausiku, binti wa Kitunda, anachukuliwa kwa nguvu kupelekwa kwa Bwana Kinoo, na baba yake hana uwezo wa kumtetea. Nafasi yake jukwaani ni ndogo mno, lakini kazi anayoifanya katika msuko ni kubwa. Kitunda, ambaye baadaye atafanywa mkuu wa jeshi, anaingia katika vita akiwa baba aliyevunjiwa heshima. Hasira ya kijiji inapata sura. Kuanzia hapo, kungoja kunaonekana kuwa aibu.

Lakini aibu hiyo ni ya nani? Jinsi tukio lilivyopangwa inaielekeza aibu kwa wanaume waliotazama bila kutenda. Chausiku ni mahali ambapo aibu ya wanaume inatokea. Mashauri ya vita yanapoanza, hayumo miongoni mwa wanaosema. Hatuambiwi kama anataka vita, kama anaamini maji, au kama ana neno lake. Kwa istilahi za uchambuzi wa matini, Chausiku ni mtendwa katika sentensi ambayo watenda wake wote ni wanaume: mmoja anamchukua, mwingine anashindwa kumtetea, wa tatu anatabiri, wa nne anaamuru jeshi.

Mgawanyo huu unakinzana na fikra kuu ya tamthiliya. Kinjeketile anakuja kutambua kwamba mtu huzaa neno, nalo likakua hata likamshinda mzazi wake. Ikiwa ndivyo, ukuu wa mtamkaji si kitu. Kitu ni neno na hali ya watu wanaolipokea. Anayestahili zaidi kukaliwa na neno la ukombozi, kwa mantiki hii, ni yule ambaye hali hiyo imemwandikia mwilini. Mtu huyo ni Chausiku. Tamthiliya inafika hadi mlangoni pa wazo hili, kisha inageukia upande mwingine.

4.0 Mabinti Waliosema

Mtu anaweza kudai kwamba wazo la binti nabii wa vita ni ndoto ya mhakiki. Historia inakataa dai hilo. Mwezi Mei 1985, Alice Auma, mwanamke wa Kiacholi aliyekaribia umri wa miaka 30, alipandwa na roho aliyeitwa Lakwena. Kwanza alifanya kazi ya uponyaji. Mwezi Agosti 1986, baada ya serikali mpya kushika madaraka Kampala na vita kuenea kaskazini mwa Uganda, roho ilimwagiza aache kuponya na aunde jeshi. Mwanaanthropolojia Heike Behrend, aliyechapisha utafiti wake juu ya harakati hizo mwaka 1993, anaeleza jinsi askari walivyopakwa mafuta ya mshea ili risasi zisiwadhuru, jinsi walivyowekewa miiko 20, na jinsi walivyoingia vitani wakiimba nyimbo za dini bila kujificha. Wengi wao walikuwa wanajeshi wazoefu wa serikali iliyopinduliwa. Maelfu walimfuata kutoka Acholi, wakapita Lango, Teso na Tororo, hadi Busoga. Walishindwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987. Alice alikimbilia Kenya, akafariki mwezi Januari 2007 akiwa mkimbizi huko Dadaab.

Mafuta ya Alice na maji ya Kinjeketile ni ndugu. Yote mawili yalijibu swali moja: watu wasio na silaha za kutosha watasimamaje mbele ya wenye nazo? Yote mawili yaliwaunganisha watu ambao siasa za kawaida zilishindwa kuwaunganisha. Na yote mawili yalizaa makaburi mengi. Tofauti inayohusu makala haya ni kwamba kiti cha Lakwena kilikuwa mwanamke kijana, na maofisa wenye uzoefu wa vita walikubali amri iliyotoka kinywani mwake. Wafuasi walitofautisha Alice na Lakwena: huyu alikuwa mtu, yule alikuwa mtumaji. Alipopandwa alivaa kanzu nyeupe, na makarani waliandika maneno ya roho. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha wanaume kutii amri ya binti bila kuona wamemtii binti.

Karne tano na nusu kabla yake, mwaka 1429, Jeanne d'Arc, binti wa mkulima mwenye umri wa takribani miaka 17, alifika mbele ya mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa akasema kwamba ametumwa na Mungu. Alikwenda na jeshi Orléans, mji uliokuwa umezingirwa na Waingereza, na mzingiro ukavunjika katika muda wa siku chache. Alibeba bendera, na mbele ya mahakama alisema hakuwahi kuua mtu. Alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431. Kati ya mashtaka yaliyomwandama, mojawapo lilihusu mavazi yake: alivaa nguo za kiume. Mwaka 1456 hukumu ile ilitenguliwa, na mwaka 1920 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Hapa Kiswahili kina neno linalofaa kuangaliwa kwa makini: jikedume. Sarufi yetu haina jinsia, lakini msamiati unayo. Tunasema "jikaze kiume" na "kufa kiume" tukimaanisha ushujaa. Mwanamke anayeonyesha ushujaa huo huitwa jikedume, yaani anasifiwa kwa kuondolewa katika uanawake wake. Waamuzi wa Rouen waliona jikedume wakamhukumu. Wafuasi wa Alice walimwona mjumbe wakamfuata. Pande zote mbili zilihitaji maelezo ya ziada ili kukubali au kukataa kwamba binti amesema. Kinjeketile hakuhitaji maelezo hayo. Alihitaji tu kutoka majini.

Jambo la pili linalowaunganisha mabinti hawa ni njia ambayo sauti zao zilitufikia. Jeanne alijibu kwa Kifaransa. Majibu yake yakaandikwa na makarani, kisha yakatiwa katika Kilatini na wasomi wa mahakama iliyomuua. Maneno ya Lakwena yalipitia kwa makarani wa jeshi. Katika visa vyote viwili binti alisema, na mwanamume akaandika. Kwa hiyo fasihi ina kazi ambayo kumbukumbu za mahakama na za jeshi haziwezi kuifanya: kumpa binti huyo nafasi ya kushuku. Kinjeketile wa Hussein ni mkubwa kwa sababu anashuku. Binti nabii, kwa kawaida, ameachiwa mambo mawili tu, kuwa mtakatifu au kuwa mwendawazimu, na yote mawili yanamnyima shaka.

5.0 Kuisoma Tamthiliya Kilosa

Maji Maji kwa kawaida husomwa kama historia ya Umatumbi, Rufiji na Ungoni. Lakini vita hivyo vilifika hadi Uvidunda na Usagara, katika eneo la Wilaya ya Kilosa ya leo. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kinjeketile katika kata ya Magomeni, mjini Kilosa, habari hii si ya watu wa mbali. Ni habari ya nchi yake, na pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa si kitu cha kubuni kwa wilaya iliyoijua pamba na mkonge.

Kuna jambo jingine ambalo usomaji wa Kilosa unalifichua. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, sawa na majirani zao Waluguru, ni jamii ambazo kwa desturi zimehesabu nasaba kwa upande wa mama. Katika mfumo huo, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti nzito juu ya watoto wa dada yake. Utawala haukuwa wa wanawake kwa sababu hiyo. Machifu kwa kawaida walikuwa wanaume. Lakini binti ndiye anayeuendeleza ukoo. Akidhulumiwa, kinachodhulumiwa ni ukoo mzima, wa mbele na wa nyuma.

Msomaji mwenye mazoea hayo anapolitazama tukio la Chausiku, anauliza maswali ambayo matini haikuyatarajia. Mjomba wake yuko wapi? Kwa nini uchungu wa Bibi Kitunda, ambaye ukoo wake ndio uliovunjwa, haupewi uzito sawa na aibu ya Kitunda? Tamthiliya imechukua kama jambo la kawaida kwamba heshima ya binti ni mali ya baba yake. Dhana hiyo si ya lazima katika ukanda uliopigana vita hivyo. Ni uchaguzi, na uchaguzi huo ndio unaomnyamazisha binti: akiwa mali ya baba, mwenye haki ya kulia na kulipiza ni baba, akiwa mbebaji wa ukoo, mwenye haki ya kusema ni yeye mwenyewe.

Historia ya Maji Maji ilikuwa na nafasi kwa sauti kama hiyo. Huko Ungoni, Mkomanile wa Kitanda, mwanamke mwenye mamlaka, ndiye aliyempokea Omari Kinjala, mjumbe aliyeleta maji, na mwaka 1906 alinyongwa Songea pamoja na viongozi wanaume wa Wangoni. Pwani ya Kenya, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 dhidi ya kazi ya kulazimishwa na kodi ya Waingereza. Wote wawili walikuwa na mamlaka yaliyotangulia vita: Mkomanile kwa utawala, Mekatilili kwa umri. Binti asiye na utawala wala umri ana mlango mmoja tu, nao ni kiti. Ndiyo maana kumfungia mlango huo katika fasihi ni jambo zito.

6.0 Hoja Zinazoweza Kupinga

Hoja ya kwanza ni ya uaminifu kwa historia: Kinjeketile alikuwa mwanamume, na mtunzi hakuwa na ruhusa ya kumbadilisha. Hoja hii ni dhaifu, kwa kuwa Hussein mwenyewe alibainisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya Kinjeketile wa historia. Aliyejipa uhuru wa kuumba shaka ya nabii alikuwa na uhuru wa kumwekea nabii huyo shahidi wa kike mwenye neno.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Inawezekana ukimya wa Chausiku ndio shtaka lenyewe. Kwamba mtunzi, aliyeifahamu vizuri nadharia ya Brecht, alitaka hadhira ione pengo na iulize. Usomaji huo unakubalika kwa maonyesho ya mwanzo, ambamo mazungumzo ya wanawake yanatoa ukosoaji wa wazi. Unashindwa kadiri tamthiliya inavyoendelea, kwa sababu ukimya ili uwe shtaka lazima ukumbushwe. Mwishoni, Kinjeketile na Kitunda wanabishana gerezani kama neno likanwe au lisikanwe. Kinjeketile anakataa kulikana, kwa kuwahofia watoto wa kesho watakaoambiwa kwamba mapigano yalikuwa kosa. Watoto wa kesho wanakumbukwa. Binti wa jana hakumbukwi, ingawa baba yake ndiye anayezungumza.

Hoja ya tatu ni ya tahadhari: kumpa binti unabii wa vita ni kumtukuza mtu kama Alice, aliyewaongoza vijana wengi kwenye risasi wakiwa wamepakwa mafuta. Tahadhari hii ni ya haki, na inapaswa kumhusu Kinjeketile kwa kiwango kilekile. Hussein hakumtukuza nabii wake. Alimweka mbele ya waliokufa kwa neno lake na akamtaka ajibu. Kinachodaiwa hapa kwa ajili ya binti ni hukumu ya namna hiyohiyo: kuulizwa, kujibu, na kubeba lawama ya neno lake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kinjeketile ina ndani yake wazo pana kuliko mgawanyo wa wahusika wake. Wazo la neno linalomzidi mtamkaji linaafikiana na dhana ya kiti, na kiti hakina jinsia. Sarufi ya Kiswahili inalipokea wazo hilo bila taabu. Kizuizi kinatoka kwenye msamiati wa ushujaa na kwenye dhana ya binti kuwa heshima ya baba, dhana ambayo usomaji wa Kilosa unaionyesha kuwa ni ya kuchagua.

Matokeo ya hoja hii yanahusu ufundishaji pia. Darasani, Chausiku hutajwa kama mfano wa ukatili wa kikoloni, kisha mjadala husonga mbele kwa Kinjeketile. Ingefaa wanafunzi waulizwe swali lililoachwa na tamthiliya: siku Kinjeketile alipotoka majini na watu wakamzunguka, Chausiku alikuwa amesimama wapi, na angesema nini kama Hongo angemchagua yeye? Jibu halimo katika matini. Lakini swali limo, tangu binti huyo alipochukuliwa mbele ya watu waliokuwa na macho ya kuona na hawakuwa na neno.